Fungu la Kumi Ndani ya Ndoo

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, aliyeyakusanya maji mahali pake, akayajaza uhai kabla mwanadamu hajajua kuchimba hata kisima. Yeye ndiye aliyenipa miguu ya kupanda na kushuka milima hii ya Upare miaka thelathini na kitu, na leo amenipa kiti, jua la asubuhi na kumbukumbu isiyoniaibisha sana.

Vijana wangu, tangu nistaafu mnakuja hapa kwangu na simu zenye picha za mabwawa ya kupendeza, na swali lenu ni moja. Mzee, ule mradi wa serikali wa kuhifadhi vyanzo vya maji, unaomsaidia mtu kupata bwawa na samaki, tunaingiaje? Nawajibu kwamba fomu iko kwa mtendaji wa kijiji na haina ugumu. Jina, kiwanja, majirani wa pande nne. Ugumu uko ukurasa wa mwisho, ambao watu wengi huutia sahihi wakiwa wameshasimama, kofia kichwani, wanataka kuondoka. Ni juu ya ukurasa huo nataka niwaandikie, kwa sababu mimi niliyepewa kazi ya kuwasomea watu ndiye niliyevunja sharti lake, tena siku ya Bwana, nje ya mlango wa kanisa.

Nilikuwa afisa ugani wa samaki. Huku milimani hawakuwa na muda wa cheo kirefu hivyo, wakaniita Bwana Samaki, na wapo wasiojua jina langu la ubatizo hadi leo. Kabla ya kazi hiyo nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili. Tunasoma kwamba wapo waliotoka kwenye samaki wakaenda kuhubiri. Mimi nilitoka kwenye kuhubiri nikaenda kwenye samaki, na sijawahi kumlalamikia aliyenituma.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rashidi, Mwislamu wa kijiji cha Kisiwani, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Mimi nilikuja na vitabu, yeye alikuwa na kiwiko. Alichovya mkono bwawani polepole huku akiangalia kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kiwikoni, ukijani wa maji, ambao ndio chakula cha samaki, umetosha. Kikipotea mapema, punguza samadi. Ukiona hata kucha zako, basi samaki wako wanakunywa maji matupu. Udongo aliupima kwa tonge. Alilifinyanga likiwa na maji, akalirusha juu, akalidaka. Likisambaratika mkononi, alisema, panda karanga, usichimbe bwawa. Siku hizi kuna vipimo vya kila namna, navyo ni vizuri, nimevitumia. Lakini siku betri ikiisha, kiwiko chako utakuwa nacho.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka vifaranga wa samaki mia mbili kutoka tambarare, mfuko ukiwa umepigwa jua njia nzima, nikawamimina moja kwa moja kwenye bwawa la mlimani lenye maji ya kuuma meno. Wakalala ubavu mbele ya mwenye bwawa na wageni aliowaalika kuja kutazama. Mzee Rashidi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mimi nikitoka kuota moto hupenda kutupwa mtoni. Tangu siku hiyo sijamimina. Mfuko unaachwa uelee juu ya bwawa mpaka maji ya ndani na ya nje yapatane, kisha unafunguliwa, na samaki anatoka mwenyewe kwa hiari yake. Ukipenda, hata watu wapokee hivyo.

Sasa nije kwa Elieza.

Elieza alikuwa mkulima wa tangawizi, umri wa kuwa mwanangu, mshirika wa kanisa letu, na shamba lake lilikuwa juu ya ndiva ya kitongoji. Ninyi wa hapa ndiva mnaijua. Kwa anayesoma akiwa mbali, ni lambo tuliloachiwa na babu zetu. Maji ya chemchemi hujikusanya humo, asubuhi kizibo huvutwa, yakateremka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu, na masalia huishia kwenye kijito kiendacho bondeni. Jumapili kwetu haifunguliwi.

Mapatano ya mradi yalikuwa ya haki. Serikali ilimpa Elieza miche ya asili ya kuzungushia chemchemi, mtu wa kumpimia, mabomba, na vifaranga elfu moja wa sato. Yeye aliacha kulima ukanda wote wa karibu na chanzo, na huo ukanda ulikuwa na tangawizi yake nzuri kuliko yote. Aliing'oa kwa mkono wake. Alikubali maji yakishapita bwawani yarudi kwenye mfereji wa wote, na bomba la kutolea liwe na wavu. Halafu ule ukurasa wa mwisho: samaki wa mradi hawatoki nje ya bwawa wakiwa hai. Wakitoka, bwawa linafukiwa.

Msidhani hilo ni neno la ukali tu. Bonde letu lina perege wake, samaki mdogo aliyekuwako kabla ya ofisi zote. Sato ni mgeni mwenye mwili mkubwa. Akiingia mtoni hula chakula cha perege, huzaa naye, na baada ya miaka unavua samaki asiye huyu wala yule. Perege akishaisha, hakuna fomu ya kumwomba.

Elieza alichimba kiangazi chote kwa sululu na beleshi. Shemeji zake walikuja kumtazama na kumuuliza kama anamchimbia tembo kaburi. Aliwajibu kwamba tembo wana mbuga yao kule chini, hili ni la shemeji wenye maneno. Alishindilia kingo mpaka nyayo zikaota malengelenge. Vifaranga walipofika, siku ya Jumamosi, mifuko ikaelea, ikafunguliwa, na mimi nikamwona mtu mzima akipiga magoti kwenye tope, akishukuru bila sauti. Nikashuka nyumbani nimefurahi.

Sikujua kwamba kulikuwa na mfuko mmoja ambao hakuufungua.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu. Wakati wa mahubiri nilisikia nyuma ya kanisa maji yakidondoka, yakinyamaza, yakidondoka tena. Mchungaji aliinua macho kutazama bati, akidhani mvua. Niligeuka. Elieza alikuwa amesimama karibu na mlango na ndoo ya rangi ya bluu, anachota kwa kikombe, anakiinua juu na kuyamwaga tena ndoani. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe kuwapa samaki hewa. Nikajua ndani ya ndoo kuna nini.

Mnajua desturi yetu. Baada ya ibada sadaka za mazao hunadiwa nje: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai kwenye kibakuli, bua la muwa. Mzee wa kanisa mwenye zamu ndiye hunadi. Zamu ilikuwa yangu. Nikanadi ndizi, nikanadi jogoo, kisha Elieza akaiweka ndoo mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mzee, hili ni fungu la kumi," akasema. "Wamekuja elfu, hawa ni mia. Nimewahesabu mara mbili."

Watu wakacheka kwa furaha, wakasogea kuchungulia. Mama mmoja akasema hii ndiyo sadaka ya kwanza kanisani kwetu inayomwangalia mtu usoni.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mafupi: hawa hawaruhusiwi kutoka, warudishwe. Lakini nilimtazama Elieza, mtu aliyeng'oa tangawizi, aliyemtolea Mungu kabla hajala hata mmoja, nikaona aibu kumrudishia sadaka mbele ya kusanyiko. Nikajiambia nitamfuata mnunuzi pembeni, nimweleze taratibu. Vijana, mambo mengi mabaya niliyoyafanya kazini niliyafanya kwa kujiambia nitalisema taratibu.

Nikanadi. Bei haikupanda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na bwawa. Mwishoni Bibi Nakijwa, mjane mwenye shamba la maharage chini ya ndiva, akasema hawezi kuona sadaka ikikosa mwenyewe, akatoa alichokuwa nacho. Kabla sijamfikia, mchungaji akatuita wazee kikaoni. Kikao kilikuwa juu ya paa la nyumba ya mwinjilisti, na paa lile lilijadiliwa kipande kwa kipande. Nilipotoka, saa kumi jioni, uwanja ulikuwa mtupu.

Nilimkuta Bibi Nakijwa nyumbani kwake anamenya ndizi. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kigoda. Ndoo ya bluu ilikuwa imepinduliwa kwenye uzio, kavu.

"Bibi, wale samaki wako wapi?"

"Nimewaweka ndivani," akasema, uso umejaa nuru. "Mimi nitawala peke yangu nimekuwa nani? Wakikua, kila mwenye zamu atapata. Si sadaka? Sadaka ni ya wote."

Nikakaa chini. Kesho yake asubuhi kizibo kingevutwa. Maji yangeshuka na samaki, mferejini, mashambani, kijitoni, bondeni kwa perege. Na zamu ya Jumatatu ile ilikuwa ya Bibi Nakijwa mwenyewe, maharage yake yakiwa yametoa maua. Nilimweleza yote, pamoja na la bwawa kufukiwa. Aliacha kumenya. Aliniuliza kama kijana yule anajua. Nikasema hajui. Akaniuliza kwa nini sikusema pale uwanjani, nami nikainama kuokota maganda ya ndizi.

Kulipopambazuka tulikuwa watatu ndivani: mimi, yeye na Elieza, ambaye nilikuwa nimepita kumweleza, naye alinifuata akiwa amebeba beseni. Mpango wangu ulikuwa kumwomba Bibi aiache zamu yake, tuwatafute samaki ndiva ikiwa imejaa. Elieza akasema maji yakiwa mengi vile tutatafuta mpaka Krismasi. Ni lazima yatoke, samaki wabaki. Tulihitaji kitu cha kufunga mdomo wa ndiva, chenye matundu madogo kuliko kifaranga. Bibi akafungua kanga aliyobeba, akatoa chandarua.

Sasa mjue kwamba kuvua kwa chandarua ni kosa la sheria, na mimi nilikuwa nimetumia ujana wangu kuwanyang'anya watu vyandarua kule kwenye bwawa kubwa la tambarare na kuvichoma moto wakilia. Nikasita. Bibi akanitazama.

"Bwana Samaki, jana ulinyamaza palipotakiwa kusema. Leo unataka kusema panapotakiwa kunyamaza?"

Nikakipokea. Tulikikunja mara mbili, tukakifunga mdomoni kwa kamba na mawe, Elieza akavuta kizibo kidogo kidogo ili nguvu ya maji isikichane. Maji yakaenda kwenye maharage ya Bibi kama ilivyokuwa haki yake. Sisi wawili tukaingia kwenye tope la kiunoni, na beseni na chekeche la unga, na Bibi ukingoni akihesabu. Mtu akitaka kujua unyenyekevu ni nini, amkamate kifaranga mwenye urefu wa kidole ndani ya tope, akiwa na miaka karibu sitini na sare ya serikali.

Jua lilipokuwa utosini Bibi alisema tisini na sita. Tukapekua tope mara ya pili na ya tatu. Tukapekua chandarua. Pembeni, palipogusana na jiwe, kilikuwa kimeinuka kidogo, upana wa vidole viwili. Tukawapandisha wale tisini na sita bwawani.

Bibi Nakijwa alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alisema samaki wamerudi kwao, waliobaki ni wanne, na nani duniani atawahesabu walio bwawani akute wanne wamepungua? Lilikuwa neno la huruma, na lilikuwa kweli. Mkaguzi wa mradi alikuwa aje Alhamisi. Angeangalia miche, angeangalia wavu, angepiga picha, angeondoka.

Lakini fikirini nilipokuwa nimesimama. Mimi nikisema, kosa ni langu, ila bwawa ni la Elieza. Ukweli wangu ungelipwa kwa jasho la mwingine. Nikinyamaza, Elieza anabaki na bwawa, na sato wanne wako mahali fulani kwenye mfereji, na hakuna mtu mwingine anayejua kwamba anatakiwa kuwatafuta. Nimesoma Maandiko tangu utoto, na nawaambia kweli, sikupata mstari wa kunitoa pale haraka. Niliomba usiku wa Jumatatu na wa Jumanne. Jibu nililopata ni dogo tu: usilitoe fungu la mtu bila kumwuliza mwenyewe.

Basi nikapanda kwa Elieza, nikamweleza pande zote mbili bila kumsukuma. Alikuwa anamwagilia miche. Aliniuliza perege wanafika hadi wapi kutoka huko chini. Nikamwambia. Akaniuliza kama hakuna dawa ya kuwarudisha wakishachanganyika. Nikasema hakuna. Akamwagilia mche mwingine, na mwingine, mpaka nikadhani amenisahau.

"Sema, mzee," akasema mwishowe. "Lakini usiseme peke yako. Nitakuwepo."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vilivyozoea mawe. Alinipa shikamoo, nikaitikia, na kabla hajatoa daftari lake nikamsimulia: ndoo, mnada, kikao cha paa, ndiva, chandarua, tisini na sita. Chandarua kilimfanya ageuke pembeni kidogo, nadhani alikuwa anacheka. Kisha uso wa kazi ukarudi. Akamuuliza Elieza, bila ukali, ilikuwaje akatoa samaki wa mradi na masharti alishayatia sahihi.

"Mama, mimi sikuona kama natoa," Elieza akasema. "Niliona narudisha."

Mkaguzi akainua macho. Akatazama ule ukanda wa tangawizi iliyong'olewa, ambao sasa ulikuwa na miche imesimama mistari, yote hai. Akauliza, "Na hao wanne?"

Nikasema sijui walipo. Akaandika hivyo hivyo, wanne hawajulikani walipo, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Safari hii niliisoma mpaka chini kabla ya kushika kalamu. Alituambia uamuzi si wake, ataupeleka kwa wakubwa wake, na mpaka utoke samaki walishwe ila asivuliwe hata mmoja.

Tulisubiri majuma matatu. Elieza aliendelea kuwalisha pumba kila asubuhi samaki ambao huenda angeamriwa kuwafukia. Sikuwahi kumsikia akinilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilipewa barua ya onyo, iko ndani ya faili langu hadi sasa, na nilistahili. Jibu la Elieza lilikuja mwisho: bwawa libaki, kwa sharti kwamba afisa mhusika akague mfereji wa ndiva mpaka kijitoni kila juma, mwaka mzima, na kuandika alichokiona.

Afisa mhusika ni mimi. Kila Jumatatu nilipanda na chekeche langu, nikateremka na mfereji hatua kwa hatua, nikichungulia kila dimbwi, kila jiwe. Niliona kaa, viluwiluwi, vyura wa kila rangi, na kule chini kabisa perege wetu, wadogo, wenye haraka. Wale wanne sikuwaona hata mara moja. Pengine kunguru aliwawahi siku ile ile. Pengine hapana. Kila juma niliandika: sijaona, na kila juma nilijua kwamba kutoona si sawa na kutokuwepo.

Jumatatu ya mwisho Elieza alishuka pamoja nami. Tulipofika kijitoni alinyoosha mgongo, akasema kama ningenyamaza tu ile Alhamisi nisingezitembea hizi Jumatatu zote, na magoti yangu yangekuwa mazima. Nikamwambia ni kweli, na yeye asingekaa majuma matatu bila usingizi. Akacheka. Kisha akavua viatu, akaingia majini, akachovya chekeche penye kivuli cha mwamba, akaliinua taratibu. Perege watatu, wembamba, wanaruka. Tuliwatazama kwa makini, mapezi na mkia, kama nilivyomfundisha. Walikuwa wa kwetu. Akalizamisha tena chekeche, akangoja watoke wenyewe.

Basi mnaokwenda kuchukua fomu, nendeni, mradi ni mzuri na mabwawa haya ni baraka. Kaeni chini mpaka ukurasa wa mwisho uishe. Na afisa wenu akinyamaza mahali anapotakiwa kusema, mvuteni shati, hata kama amesimama mbele ya kanisa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aitunze chemchemi iliyo juu yako na jirani aliye chini yako. Mikono yako isikose cha kutoa wala hekima ya namna ya kukitoa. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kuingia naye kwenye tope. Amina.